Brashi Isiyooshwa

3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepoa, na binamu yangu ameacha kukupimia chumvi kwa ncha ya kijiko. Sisi huku hatujambo. Mume wangu amepata zamu kwenye kiwanda cha magodoro, anarudi nyumbani na pamba kichwani mpaka kwenye nyusi. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo na sasa hacheki mbele ya watu, anacheka akigeukia ukuta.

Jumapili nilikupigia simu. Nilisema "shikamoo" ukajibu "nani amekufa?" mara tatu, kisha ukakata. Kwa hiyo tubaki na barua. Barua haihitaji masikio.

Sasa habari yenyewe. Mtaa mzima nimeumaliza! Miti ishirini na miwili, kuanzia geti la kwanza mpaka nyumba ya kona, yote imepogolewa kabla ya mvua kama ulivyoagiza. Nimefanya kwa siku nne. Siku nne, mjomba! Wewe ulikuwa unachukua siku tisa, maana kila ukimaliza mti mmoja ulikuwa lazima ujifiche nyuma ya ukuta kwenda kujisaidia. Mimi namshukuru Mungu kibofu changu kizima. Na maji nilibeba ya kutosha, nikamgawia mpaka aliyenishikia ngazi, si kama wewe uliyekumbatia chupa yako miaka yote ile bila kunipa hata funda moja.

Aliyenishikia ngazi ni Kofia, yule mtunza bustani wa nyumba ya kona, wa kofia ya sufu hata jua likiwa la kuchoma. Nilimwambia sina cha kumpa, akasema hajaomba kitu, ila hataki kuniokota chini.

Kila jeraha nimelipaka ile dawa yako nyeusi, safi, hadi pembeni. Mti wa yule nesi mstaafu, namba nne, ulikuwa na sehemu inayotoa utomvu wenye harufu ya uchachu. Hapo nilikata tawi lote nikapaka mara mbili.

Na mti wa marehemu mama, huu wa mbele ya geti letu, nimeanza nao, kama ulivyosisitiza. Nimeupogoa, nimeupaka. Usiwe na wasiwasi.

Msalimie binamu. Mwambie chumvi haiui haraka hivyo.

Mpwa wako

*

19 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, mama, marahaba sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nimemsomea binamu yako kwa sauti ili asikie kuhusu chumvi. Amenuna. Mchana alinipa maharage yasiyo na chumvi kabisa, kwa hiyo asante.

Huku naishi ghorofa ya nne. Mti pekee ninaouona ni mmea wa kwenye ndoo, barazani, mali ya jirani. Nimemwambia majani yale ya chini ayakate, akaniambia mzee, huu ni wa plastiki. Hebu niambie, mtu ashike wapi?

Siku nne! Nimefurahi, ingawa kasi si kila kitu kwenye kazi yetu. Lakini mtaa ule unajua dawa ya Fundi Miti, na sasa unajua ina mrithi. Miaka thelathini nimewaambia watu hakuna jeraha la mti linaloishinda. Siri yake nilikufundisha: lami, mafuta ya taa, na brashi ile ile, brashi isiyooshwa, kwa sababu nguvu ya dawa inalala kwenye nywele za brashi. Kila mtu mtaani anaweza kukuimbia maneno hayo. Walikuwa wananitania nayo hata dukani.

Ule mti wa nesi ulikuwa wa ngapi kwenye mzunguko wako? Nauliza tu.

Na mti wa mama yako, umesema umeupaka? Mimi nilisema uanze nao. Sikumbuki kama nilisema uupake. Si kitu. Niandikie unaendeleaje, majani yake yana rangi gani.

Magoti ni yale yale. Ngazi nne kushuka, ngazi nne kupanda, na katikati namsalimia kila mtu ili nipate kupumzika.

Mjomba wako

*

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Unisamehe kwa kukaa kimya. Zamu za mume wangu zimebadilishwa, binti aliugua tumbo wiki nzima, halafu paa la jikoni likaanza kuvuja juu ya jiko hasa, kana kwamba lilipima. Hizo ndizo sababu zangu. Nyingine inafuata.

Miti inaumwa.

Ilianza namba nne, kwa nesi. Majani ya juu yaligeuka njano, nikadhani ni kiu. Baadaye namba tano, namba sita, namba saba, imefuatana kama watu kwenye foleni. Leo imefika saba. Gome linapasuka karibu na pale nilipokata, linatoa utomvu mweusi, na ukikaribia unasikia ule uchachu niliokuambia. Nesi ananiita dirishani kila nikipita. Mume wake ndiye aliyeupanda ule mti, mwaka aliofariki. Ananiuliza, "Fundi, utapona?" Namwambia utapona, nageuza uso.

Nimerudia kupaka dawa. Yote saba. Haijasaidia, na mitatu imezidi.

Mjomba, nina swali moja, usilichukulie vibaya. Ile brashi, wewe katika miaka yote uliyofanya kazi mtaani kwetu, uliwahi kuiosha? Hata kwa bahati mbaya? Nakuuliza kwa sababu nimekaa nikaangalia ile foleni ya miti, na inafuata njia niliyopita mimi na ngazi yangu.

Binti anakusalimu. Jino moja limeanza kuchomoza.

Mpwa wako

*

20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Poleni na paa. Wekeni mfuniko wa sufuria pale linapovuja mpaka fundi apatikane. Binti mpe maji ya moto yaliyopoa. Huku mvua zimekatika na lifti ya jengo, ambayo sikujua kama ipo, imetangazwa kuwa imeharibika.

Kuhusu miti, usikimbilie kujilaumu. Miti inaumwa kama watu. Wakati mwingine ni udongo. Wakati mwingine ni mtu anamwaga vitu kwenye mashina, maji machafu, sabuni, mafuta ya gari, nani ajuaye. Angalieni nani anamwaga nini. Mwambie mwenyekiti wa mtaa aulize. Mwambie Fundi Miti ndivyo alivyosema.

Acha kupaka kwa sasa. Pumzika kidogo.

Mti wa mama yako una hali gani? Nilikuuliza Machi hukunijibu. Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mjomba wako

*

11 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Paa limezibwa. Jino limetoka, limekaa upande, lakini analicheka.

Naona swali langu ulilipiga chenga. Haya. Na mimi nitakuambia kilichotokea, ili ujue neno lako limefika.

Nilimwambia mwenyekiti, yule mwalimu mstaafu, kwamba Fundi Miti amesema tuangalie nani anamwaga nini. Jina lako bado lina uzito hapa. Aliitisha mkutano kwenye gereji yake, viti vya plastiki, watu karibu thelathini, kila mmoja na mti wake rohoni. Haikuchukua hata robo saa. Mtu akasema Kofia humwaga maji kwenye mashina. Ni kweli, humwaga. Miezi ya ukame huzunguka mtaa mzima na ndoo mbili, anamwagilia miti ambayo hata si ya tajiri wake, kwa maji ya kufulia, kwa sababu anaona uchungu kuyamwaga bure. Miaka kumi na moja amefanya hivyo. Tulikuwa tunamsifu.

Walimwita akaja na ndoo mkononi. Aliulizwa kama ni maji ya sabuni. Akasema ndiyo, lakini huyaacha kwanza yatulie. Watu wakaguna. Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi, mbele ya wote, akasema: "Fundi, wewe ndiye mtaalamu wetu. Maji ya sabuni yanaweza kuua mti?"

Nikasema, "Yakizidi, yanaweza."

Basi. Hilo tu. Si uongo, hata vitabuni lipo. Kofia alinitazama, halafu akatazama ndoo. Kesho yake alimwaga unga. Tajiri wake alisema hawezi kugombana na mtaa mzima kwa ajili ya mtunza bustani. Aliondoka na begi moja na kofia yake, akapita hapa getini, akanisalimia.

Miti inayoumwa sasa ni kumi na miwili.

Mti wa mama upo.

Mpwa wako

*

30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba hujaniandikia. Nilimpigia binamu, akasema huumwi, unakula, ila umekaa barazani umeutazama mmea wa plastiki. Kwa hiyo barua yangu uliipata.

Nitaandika bila kuzunguka, kwa sababu nikizunguka sitafika.

Nilikudanganya. Mti wa mama sikuupogoa. Sikuanza nao, wala sikumaliza nao, hata ngazi sikuuegemezea. Nilisema nitaanza na ya wenye haraka, wetu unaweza kusubiri. Siku ya nne jioni dawa ilikuwa imeisha, mawingu yamejaa, mikono inaniuma, nikajiambia nani atajua, nikaingia ndani kunywa chai. Halafu nikakuandikia kwamba nimeupaka, ili unisifu. Umri huu wote, mjomba, na bado nilitaka unisifu.

Sasa sikiliza. Miti kumi na saba inaumwa wazi. Minne inasitasita. Mmoja tu, katika mtaa mzima, ni wa kijani tangu shina hadi kilele. Ni ule ambao sikuugusa.

Wiki iliyopita alikuja afisa wa miti wa mji, mwanamke mfupi mwenye kisu kidogo na buti kubwa. Alibandua gome la namba tano, jirani na nesi. Chini ya gome kulikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, umeanzia chini ya dawa yetu nyeusi na kushuka kama maji ya mvua ukutani. Akasema, "Mlango wa ugonjwa ni huu hapa. Lami imefunika unyevu ndani. Na brashi iliyoupaka ilitoka kwenye mti mgonjwa." Aliniuliza natumia brashi ngapi. Nikasema moja. Akauliza kama msumeno naufuta kwa spiriti nikitoka mti mmoja kwenda mwingine. Nikasema siufuti. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Aliponifikisha nyumbani alisimama chini ya mti wa mama, akasema, "Huu nani anautunza?" Nikasema mimi. Akasema, "Umeufanyia nini?" Ningesema nini, mjomba, kwamba niliuonea uvivu?

Watu huja kupumzika chini yake kwa sababu hakuna kivuli kingine. Wananipongeza. Wanasema mkono wa Fundi unajua kwao. Wengine hawasemi kitu, wanatazama tu juu kwenye majani, kisha wananitazama mimi, na hao ndio ninaowaogopa. Nimeanza kutoka kwa mlango wa nyuma. Nikiona jani bichi limeanguka mbele ya geti langu nalifagia haraka, kama mwizi anayeficha maganda.

Na hili ndilo lililonikaba. Siku ya mkutano, nilipoulizwa, nilikuwa nimeshauona mti wa mama. Nilikuwa nimeshajiuliza. Mtu aliyenishikia ngazi siku nne amesimama mbele yangu na ndoo, na mimi nikasema "yanaweza". Naona haya mjomba. Naona haya nikila, nikimsuka binti nywele, nikisikia mtu anabisha hodi.

Sitaki unipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nijibu nililouliza Juni. Uliwahi kuiosha?

Mpwa wako

*

24 Septemba

Mpwa wangu,

Nakusalimu wewe, mumeo, na mjukuu wangu mwenye jino la upande. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa nzuri zaidi, nimezichana.

Niliiosha.

Niliiosha kila nilipomaliza mti mmoja, kabla ya kwenda mwingine, kwa miaka yote tisa niliyofanya kazi mtaani kwenu. Brashi na msumeno. Kibofu changu hakikuwa na ubaya wowote. Nyuma ya ukuta nilikuwa naosha. Na chupa ambayo hukupewa funda lake haikuwa ya maji. Ilikuwa spiriti ya kusafishia vidonda. Ulinicheka miaka yote, na mimi nikakuacha ucheke, kwa sababu kuchekwa kwa kibofu kulikuwa rahisi kuliko kusema kweli.

Kabla ya kuja mtaani kwenu nilifanya kazi mtaa mwingine, nyuma ya kinu cha unga. Wewe ulikuwa bado shule. Miti thelathini na mmoja ilikufa mikononi mwangu, mmoja baada ya mwingine, ikifuata ngazi yangu. Uliobaki ulikuwa wa mzee mmoja niliyegombana naye, nikaapa sitaukanyaga mti wake. Ulibaki wa kijani peke yake. Kwa hiyo ulichokiona wewe mwaka huu nilikiona mimi zamani. Nilielewa siku ile ile. Nikakunja ngazi, nikasema udongo wa kule ni mbaya, na watu wakaniamini.

Mama yako hakuniamini. Alinibana siku moja tu nikamwaga yote. Akasema, "Kaka, ama uwaambie watu, ama uoshe." Nikachagua kuosha. Yeye ndiye aliyekuwa ananunua spiriti, akinijazia chupa kila asubuhi bila neno. Lakini aliniambia mti wake niuanze wa kwanza wakati msumeno ni safi, na brashi isiuguse ng'o. Ndiyo maana nikakuambia uanze nao. Sababu yake sikuwa na ubavu wa kukuambia. Uliposema umeupaka, sikulala vizuri mpaka barua yako ya Agosti. Nilidhani nimemuulia dada yangu mti wake kwa kuuma maneno.

Kwa nini sikukufundisha kuosha? Nimejiuliza hilo kwenye baraza hii mpaka basi. Miaka thelathini nimetamba kwamba brashi haioshwi. Nikikuambia ioshe, utaniuliza tangu lini, na nitafika nyuma ya kinu. Kwa hiyo nilikurithisha majivuno, kazi yenyewe nikabaki nayo mfukoni. Nilikutazama ukiifunga ile brashi kwenye gazeti kwa heshima, kama kitu cha thamani, na nikapanda basi nikaondoka.

Na Juni, nilipoandika mtafute anayemwaga, nilijua ninachofanya. Nilitaka awe mtu yeyote, mradi asiwe mimi. Sikujua kama atakuwa Kofia. Lakini nilijua atakuwa na jina.

Usijibebeshe yangu. Yako ni lile neno moja ulilosema gerejini, nalo ni zito, sitakudanganya. Mengine ni yangu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ya watu wa mtaa. Wasomee yote. Usiruke sehemu ya kinu cha unga kwa kunihurumia. Na sehemu inayomhusu Kofia uisome mara mbili.

Mjomba wako

*

21 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mume wangu ameuliza kama ni kweli kuhusu chupa, na alipojua ni kweli akasema anakumbuka ulimkatalia maji hata siku ya harusi yetu, ulipopita ukitoka kazini.

Nimesoma. Gereji ile ile, viti vile vile. Mwenyekiti aliniletea ubao wa kuandikia niwekee karatasi. Sikuruka kitu. Nilipofika nyuma ya kinu, mtu wa nyuma alisema, "Na sisi tukamuaga kwa keki." Wengine walicheka, lakini si kwa furaha. Nesi alitoka katikati. Mti wake uliangushwa asubuhi ile ile, vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye viatu vyake.

Kisha nikasema langu, bila karatasi. Kwamba mti wangu ni mzima kwa sababu niliuonea uvivu. Kwamba nilipoulizwa kuhusu sabuni nilikuwa nimeshashuku brashi yangu, na nikasema yanaweza. Hakuna aliyenitukana, wala aliyesema si kitu. Mwenyekiti alisema na wao walikuwa na haraka, hata yeye. Tajiri wa Kofia akasema atamrudisha. Wakanituma mimi.

Nilimkuta kwenye kituo cha mafuta, anaosha magari. Kofia ile ile, imelowa. Nilimsomea karatasi yako tumesimama kati ya pampu na ndoo zake, na ile sehemu yake nikaisoma mara mbili kama ulivyosema. Aliendelea kukamua kitambaa mpaka nikamaliza.

Akaniuliza, "Siku ile ulijua?"

Nikasema, "Nilijua nusu."

Akasema, "Nusu ile ingenitosha."

Nilimwambia tajiri wake anamtaka arudi. Akasema atafikiri, hapa angalau maji ya sabuni hayamuudhi mtu. Nikataka kucheka, nikaona hachekeshi.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. Akasema karatasi ni karatasi. "Mwambie Fundi aje mwenyewe. Aje aioshe ile brashi hapa nje, mchana, nimwone. Akishaiosha nitajua kama narudi."

Nimelifikisha kama alivyolisema.

Habari ya kazi: kumi na nne imekatwa na kuchomwa moto kama afisa alivyoagiza. Saba inapigana. Sipaki tena kitu. Nakata pale pale tawi linapoungana na shina, bila kuacha kisiki, bila kuumiza shingo yake, ule uvimbe wa pale kwenye shina, kisha naliacha jeraha lipigwe na hewa. Msumeno naufuta kila mti, katikati ya barabara, na chupa naiweka juu ya ukuta kila mtu aione. Miti saba imenichukua siku tatu. Watoto wakiniuliza ni nini, nawaambia. Mti wa mama nauanza wa kwanza, na hata sasa nikishika ngazi hapo nahisi natazamwa.

Brashi sijaitupa. Iko kwenye dirisha la jikoni, ndani ya gazeti lile lile ulilolishuhudia.

Basi la kwanza kutoka kwenu linafika hapa saa nane mchana. Nitakuwepo kituoni, na mume wangu atakuwepo kwa ajili ya magoti. Usije na chupa. Spiriti nimeshanunua mimi.

Mpwa wako